Bakomisioneri wa nyumba wa Lubumbashi: kwa mwenye anahama kutoka Bukavu ao Goma, wanastahili pesa yao?

Nianze na jibu, juu najua wengi wenu munasoma mukiwa na haraka na mizigo iko mlangoni. Komisioneri wa nyumba wa Lubumbashi, ule mtu wa kukutafutia nyumba ya kupanga kwa malipo, anastahili pesa yake kama anakaa katiye (mtaa) ile ile yenye anakuonyesha nyumba. Huyo namupa nyota nne kwa tano. Kama anakuonyesha Bel-Air asubuhi, Katuba mchana na Kasapa jioni, huyo anakutembeza tu, hajui kitu cha ziada kuliko wewe, na kwake naweka nyota moja. Na wale wa picha za kwenye simu, wenye wanaomba utume garanti (pesa ya kuwekea mwenye nyumba mbele ya kuingia) ukiwa bado Bukavu, hao siwapi hata nyota, nitaeleza.

Naandika hii juu tangu mwanzo wa 2025, wakati M23 walichukua Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, ndugu wengi wameondoka kwetu, banki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma na ule wa Bukavu, Kavumu, zikaacha kufanya kazi, na mwenye alikuwa na ndugu ao kazi upande wa Katanga akaangalia huku. Kuko pia wenye wanakuja juu ya masomo UNILU, universite ya Lubumbashi, na wenye wanatafuta kazi ya mines (migodi). Wote wananiuliza swali moja, nyumba. Na karibu wote wanasema Congo ni moja, tunasikilizana Swahili, kuhama si kitu. Kusikilizana ni kweli, utacheka siku za kwanza kwa namna watu wanasema huku lakini utazoea. Ila provinsi ni ingine kabisa. Toka Bukavu mpaka Lubumbashi hewani ni kama kilometa elfu moja, mvua yake ni ingine, udongo ni mwingine, maji yanakuja kwa namna ingine, na soko ya nyumba iko na mazoea yake yenye mtu wa Kadutu ya Bukavu ao wa Ndosho ya Goma hayajui.

Namna kazi yao inaenda. Mara nyingi hakuna ofisi. Komisioneri anakaa kwenye kona, chini ya muti ao mbele ya duka ya kredi ya simu, na kibao kidogo chenye kimeandikwa kwa mkono kwamba kuko nyumba. Unamueleza unataka vyumba ngapi na uko na pesa gani. Anakuomba pesa ya visite (ya kwenda kuangalia nyumba) kwanza, hata kama hutapenda nyumba, na ile hairudi. Ukipata nyumba, unamulipa komisio, na kawaida ya hapa ni pesa ya nyumba ya mwezi mmoja. Kisha bayeri, mwenye nyumba, naye anataka garanti. Sasa fanya hesabu mbele ya kupanda gari, juu hapa ndipo familia nyingi zinakwama. Tuseme nyumba ni dola 150 kwa mwezi, ni mfano tu. Garanti ya miezi mitatu ni 450, komisio 150, mwezi wa kwanza wenyewe 150 juu bayeri wengi hawakubali uanze kukaa kwa kula garanti, ile ni 750 na hujanunua hata mbabula (jiko la makaa). Mtu anafika na dola 400 akijua nyumba ni 150, anaona iko sawa, na haiko sawa hata kidogo.

Hapo kwenye garanti mujue sheria. Kuko sheria nambari 15/025 ya tarehe 31/12/2015, ya kupangisha nyumba, na inasema kwa nyumba ya kukaa garanti haiwezi kupita miezi mitatu. Bayeri wengine watakuomba sita, watakuambia huku njo vile. Sikuambii ugombane naye siku ya kwanza, nakuambia ujue tu, juu mwenye anajua anaongea namna ingine na mara mingi bei inashuka. Komisioneri muzuri naye anakusaidia hapo, ule wetu alimwambia bayeri mbele yetu kwa heshima kabisa, "mama, hawa ni watu wenye watakaa, tuweke mitatu," na mama akakubali.

Huyo wetu ni mzee, tunamwita papa, anakaa avenyi ya pili kutoka kwetu hapa Kampemba na watoto wake wamezaliwa hapo. Sitaji jina lake juu hajaniomba. Siku ya kwanza alituonyesha nyumba mbili, ya tatu ikawa ile tulipenda, imepakwa rangi vizuri, kiwanja kikubwa, bei nzuri kuliko zote. Bwana yangu akataka tulipe siku ile ile. Papa akainama akagusa ukuta akatuambia muangalie rangi. Rangi mupya ilikuwa chini tu, toka kwenye msingi mpaka kama kwenye goti, kuzunguka nyumba yote, juu yake rangi ya zamani. Akasema, "Mumefika mwezi wa saba, hakuna mvua. Miye niliona hii nyumba mwezi wa kwanza." Na akaeleza namna maji ya mtaro yanarudi yanaingia mpaka chumba cha kulala, na familia yenye ilikuwa hapo ilitoka juu ya ile.

Hii ndio maana nasema umuchukue mwenye anakaa katiye. Watu wetu wengi wanafika Lubumbashi mwezi wa saba na wa nane, juu masomo yanaanza mwanzo wa mwezi wa tisa na kila mzazi anataka mtoto aanze pamoja na wengine. Na huo ni wakati wa kiangazi kikavu kabisa huku. Kwetu Bukavu mvua inakaa karibu miezi tisa, kiangazi kinapita haraka, nyumba mbaya unaijua tu kwa kuiangalia kwenye mutelemuko, unaona udongo unaachia. Lubumbashi ni tambarare na toka mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna tone, kila nyumba inaonekana nzuri, kila barabara inapitika, na mvua ikianza mwezi wa kumi na moja, umeshalipa garanti na watoto wameshaanza shule. Hakuna namna wewe mugeni unaweza kuona nyumba yenye itakuwa ndani ya maji mwezi wa kwanza. Kuko tu mtu mwenye aliiona. Ile pesa ya mwezi mmoja unamulipa juu ya macho yake ya mwaka mzima, si juu ya kukufungulia mulango.

Kwa hiyo musimuulize tu vyumba ngapi na bei gani. Muulize maji. REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali, katika katiye mingi inaleta maji usiku, unaamka saa nane ao tisa ya usiku unajaza bidoni, na kuko avenyi yenye robine zimekauka zamani na watu wanateka kwa jirani mwenye foraji (kisima kirefu cha pampu). Uliza nani iko na foraji na anauzisha bidoni moja bei gani. Kama kuko kisima cha kuchimba ndani ya parseli (kiwanja cha nyumba), angalia choo iko wapi, juu maeneo mingine maji ya chini iko karibu sana na choo na kisima zinakuwa jirani, hapo na watoto wadogo hapana, hata kama nyumba ni ya bei ndogo.

Muulize pia kiwanda na mines ziko upande gani. Sisi wa Kivu hatuna mazoea ya kuwaza hii, watu wa Goma wanawaza Nyiragongo, wa Bukavu wanawaza ardhi kuteremuka, lakini huku mji umezaliwa na shaba, toka 1910, na mpaka leo kuko mahali nyumba za watu na kazi ya madini zinatenganishwa na ukuta. Mwezi wa kumi na moja wa 2025 maji ya kiwanda kimoja cha madini yalimwagika yakaingia katiye za komini Annexe, mpaka waziri wa mines akasimamisha kazi ya ile kampuni. Mtu mwenye alikuwa amepanga hapo wiki moja mbele yake, nani alimwambia? Komisioneri wa kutoka mbali hakumwambia. Jirani angemwambia kama angeulizwa. Kwa hiyo hata ukiwa na komisioneri muzuri, toka kidogo, simama na mama mwenye anauzisha makala (makaa) ao mboga kwenye avenyi ile, nunua kitu, muulize maji ya mvua yanapita wapi, usiku kuko aje, wezi wanakuja ao hapana. Wamama wa soko hawana komisio ndani ya ile nyumba.

Na usiku murudi nyinyi wenyewe. Papa alitulazimisha, akasema mukuje saa mbili ya usiku muone. Katiye zenye mchana zina kelele na watoto, usiku zinakuwa giza tupu, na uhalifu wa silaha katika katiye za pembeni ni kitu chenye watu wa hapa wanaongea kila siku. Angalia kama kuko taa, kama majirani wanatoka nje, kama manseba, ndio wanaita hivyo watu wa pikipiki ya kubeba watu hapa, wanakubali kukupeleka mpaka mlangoni ao wanakuachia kwenye lami. Manseba akikataa kuingia ndani ya katiye usiku, ameshakujibu.

Umeme. SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, ni ile ile ya kwetu, delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ni ile ile, tofauti ni kwamba Bukavu tunakula umeme wa Ruzizi na huku wanagawana na mines, na mines zinakula mingi. Swali la muhimu ni kabini, ile transfoma ya katiye. Kuko avenyi yenye kabini iliungua na watu wanachanga pesa miezi na miezi kununua kebo, na ukihamia hapo wanakuja kukuomba muchango wako wiki ya kwanza. Na ni haki yao, juu nawe utatumia. Lakini ujue mbele. Wale wa Goma wenye walizoea umeme wa Virunga Energies, muanze kuzoea makala tena, nawaambia kwa upendo.

Sasa wale wa picha. Shemeji yangu alikuwa bado Bukavu, akaona nyumba nzuri kwenye grupu ya WhatsApp, akaongea na mtu mwenye sauti tulivu, mtu akamwambia kuko familia ingine inataka, tuma garanti hata nusu nikuwekee. Akatuma kwa simu. Kufika, nyumba iko, picha ni yenyewe, na ndani kuko watu wanakaa, ni yao, hawajapanga kupangisha na hawajasikia jina la komisioneri. Namba haipokelewi tena. Ile pesa alikuwa ameuzisha frigo na kabati. Inaniuma mpaka leo juu ni watu wenye wanakimbia na watoto ndio wanakulwa hivi, si watu wenye wana pesa. Kwa hiyo hata kama mtu anatumia video, hata kama anakupigia akiwa ndani ya nyumba, usitume. Kama ni lazima uweke nyumba ukiwa mbali, tuma ndugu, ao mtu wa kanisa lenu, ao mtu wa mutualite yenu (chama cha kusaidiana cha watu wa kwenu), kabila mingi za Kivu ziko na mutualite Lubumbashi na wanajuana. Aende asimame ndani, aongee na bayeri mwenyewe na aone kitambulisho chake na karatasi ya parseli.

Na ukiweza usitafute nyumba ukiwa bado mbali. Fika kwanza, kaa kwa ndugu hata kama mutabanana, ao chukua chumba kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, tafuta polepole. Wengi wanaona ile ni kupoteza pesa. Kupoteza pesa ni kulipa garanti ya nyumba yenye utatoka mwezi wa kwanza ukiwa umebeba godoro kwenye kichwa.

Kitu kingine cha bakomisioneri chenye sikipendi: nyumba moja inaweza kuwa na bakomisioneri watatu, kila mmoja anasema ni yake, na siku ya kulipa wote wanafika. Tuliona ile kwa nyumba ya pili, kelele mpaka watu wa avenyi wakatoka. Ndio maana nimeondoa nyota moja kwa wote, hata wale wazuri. Ukiingia na mmoja, sema mbele ya bayeri kwamba huyu ndiye alituleta, na komisio mulipe mbele ya bayeri, kwa karatasi. Sisi tuliongea na papa tumupe nusu siku ya funguo na nusu mwisho wa mwezi, alikubali bila kununa. Mwenye anajua nyumba yake ni nzuri hana shida na ile.

Safari na mizigo, sitakaa sana juu kila mtu ako na njia yake. Kwa ndege, wenye wana uwezo wanavuka Rwanda mpaka Kigali, wanapita Addis Ababa na Ethiopian ao Nairobi na Kenya Airways, wanashuka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Kwa barabara, njia yenye watu wetu wengi wanafuata ni Kigali, Rusumo, Tanzania yote mpaka Tunduma, kisha Zambia mpaka Kasumbalesa, na toka Kasumbalesa kufika Lubumbashi haifiki kilometa mia moja. Kuko pia ya ziwa Tanganyika, Uvira mpaka Kalemie na boti, na kutoka Kalemie kushuka, lakini na watoto na mizigo barabara ile ni ya kuteseka na usalama wa upande wa Uvira unabadilika. Njia ya Tanzania na Zambia inataka paspoti kwa kila mtu, hata mtoto wa kwenye mugongo, na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Tanzania tuko nayo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini Zambia haiko ndani yake, kwa hiyo mambo ya kuingia Zambia muyaulize kwenye ubalozi wao mbele ya kununua tiketi.

Ajansi ya mizigo yenye tulitumia sisi naipa nyota mbili. Mizigo ilifika, namushukuru Mungu, lakini magunia mawili yalifika yameloa na pale mpakani wakatuongezea pesa yenye hawakutaja siku ya kupima kilo. Walisema ni duane (forodha). Na hapo kuko kitu chenye watu hawaelewi: mzigo wako ukitoka Congo ukapita Rwanda, Tanzania na Zambia ukarudi Congo, wewe unaona ni vyombo vya nyumbani vyako, lakini kila mpaka unauona kama mzigo wa kuingia nchini, na unatakiwa uwe na karatasi za kupitisha toka mwanzo. Ajansi yenye haikuonyeshi karatasi hizo siku ya kwanza, itakuonyesha fakture siku ya mwisho. Ombeni bei iandikwe yote, mpaka mulango wa nyumba, na liste ya kila gunia, na sahihi yao.

Kwa hiyo uzisha vitu vizito kule kule. Kitanda cha mbao acha, na kuko sababu ya ziada: Katanga ni nchi ya michwa. Vichuguu utaviona toka barabarani, vingine ni virefu kuliko nyumba, watu wanavichimba kufanya matofali na matofali yake ni mazuri sana, lakini michwa yenyewe inakula kila mbao yenye inagusa chini. Ndani ya parseli mukikuta kichuguu, vitabu na kabati zote muviweke juu ya matofali. Lakini mablanketi mulete! Watu wa Bukavu tunajiona tunajua baridi, mwezi wa sita na wa saba usiku Lubumbashi inashuka mpaka chini ya digrii kumi siku zingine, na upepo mukavu na vumbi nyekundu yenye inaingia kila mahali, mwenye ako na pumu ao mtoto wa kifua afike na dawa yake. Kisha mwezi wa kumi joto inakuja yote mara moja.

Shule. Programu ni ya taifa, mtoto hapotezi kitu, na primeri ya serikali haina kulipa tangu 2019, hata kama kuko pesa zingine ndogo ndogo zenye watakuomba. Chenye kinakwamisha ni karatasi. Buleti (karatasi za pointi) za miaka yote zikiwa na mhuri, karatasi ya shule yenye inasema mtoto alisoma mpaka hapa, kitambulisho chake cha mwanafunzi, na kwa wale wa segonderi karatasi za mitihani ya taifa yenye wameshafanya. Mbele ya kuondoka nenda kwa direkteri, hata kama shule imefungwa mutafute nyumbani kwake. Ukishafika huku, kuomba buleti kwa shule ya kule ni kazi ya miezi, na kuna watoto ninawajua wenye wamerudishwa darasa nyuma juu ya karatasi tu, wala si juu ya akili. Karatasi zote muzipige picha mutume kwa watu wawili tofauti.

Chakula, mutazoea. Bukari ya huku ni ya mahindi meupe, haina muhogo kama tumezoea, na bei ya unga inafuata Zambia: mwaka 2024 kule walikosa mvua, wakabana mahindi yao, na huku kila nyumba ilisikia. Kwa hiyo mwenye ako na nafasi, unga inanunuliwa kwa gunia wakati wa mavuno, hainunuliwi kwa kipimo kila siku. Ndakala (dagaa) iko, vinkubala (viwavi vya kula) viko na watoto wangu sasa wanavipenda kuliko nyama. Maharagi ya kwetu yanapatikana kwa bei ya juu. Sambaza fresh, samaki wadogo wa ziwa Kivu, zile musahau, na jibini ya Masisi inafika mara moja moja kwa mtu mwenye amesafiri.

Juu ya watu, mimi nimepokelewa vizuri na nasema asante. Lakini mukuje mukijua historia. Huku wazee bado wanakumbuka 1992 na 1993, wakati Wakasai walifukuzwa Katanga, familia zilikaa kwenye stesheni za treni zikingoja, watoto wakafa. Mambo ya nani ni wa hapa na nani ametoka mbali si mchezo wa kupigia kelele kwenye takisi. Salimia kwanza, watu wa Lubumbashi wanapenda salamu, na mara ya kwanza mukihamia, papa wa nyumba aende kwa mkuu wa katiye ajionyeshe, na aende na karatasi za wote wa nyumbani, ndio atapata pia karatasi ya kukaa yenye shule na ofisi zitamuomba.

Ya mwisho ni kontra. Babayeri wengi wanapenda neno la mdomo, "ni nyinyi tu, tunaaminiana". Aminianeni kwenye karatasi. Iandikwe garanti ni ngapi na ni dola ao franka, juu mwenye ameandika tu namba atakuja kugombana siku franka imebadilika. Iandikwe nani analipa umeme na maji kama muko familia tatu ndani ya parseli moja na kompteri ni moja. Pigeni picha za kila chumba, dari, choo, vioo, siku ya kuingia, na mutume kwa bayeri kwenye simu yake siku ile ile, ili tarehe ibaki. Dola mulipe zenye hazijapasuka wala kuandikwa, juu mtu anaweza kukurudishia noti ukiwa na mizigo nje. Na resi (risiti) ya garanti iwe na sahihi ya bayeri, yako, na ya shahidi mmoja wa katiye. Komisioneri mwenye anakaa hapo atakubali kuwa shahidi. Yule mwingine atakuambia ako na haraka, watu wengine wanamungoja kwenye kona.